Panya hakufa sawa, ila ini lake mliliangalia?

Mkuu umeuliza kama mmea ambao panya walipewa 2000 mg kwa kilo ya uzito wa mwili na hakufa hata mmoja ndo tayari ni salama kwa ini. Hapana aisee. Nimekaa maabara ya wanyama miaka kadhaa, kila asubuhi nawanywesha panya ekstrakti (dawa iliyokamuliwa kutoka kwenye mmea) kwa bomba, kwa hiyo naongea niliyoyaona.

Hiyo 2000 ni kipimo cha sumu ya haraka tu, panya anapewa dozi mara moja anaangaliwa siku 14 basi. Inakwambia kama dawa inaua chapchap. Ukitaka habari za ini unampa kila siku, siku 28 au 90, na pembeni lazima kuwe na kundi linalokunywa kile kimiminika cha kuyeyushia peke yake, maana bila hao huna cha kulinganisha.

Kuna majani tulipima siku 28, majibu ya damu yakarudi AST (kimeng'enya kinachopimwa kwenye damu, kikipanda ini linashukiwa) iko juu kwenye kundi la dozi kubwa, watu roho juu mmea tayari umeshahukumiwa. Nikacheki ALT, kimeng'enya kingine cha aina hiyo, imetulia kabisa. Kumbe seramu, yale maji ya damu tunayopima, ilikuwa ya pinki, aliyetoa damu (mimi mwenyewe, nakiri) alivuta sindano kwa pupa chembe nyekundu zikapasuka, na AST imo humo kwenye chembe, imo na kwenye misuli, wakati ALT ndo inalisemea ini zaidi. Nilitaniwa mwezi mzima.

Mmea mwingine ukatupiga kinyume chake. Vimeng'enya vyote poa, ini limeongezeka uzito kidogo ukilinganisha na mwili, na sisi tushaanza kuandika "salama". Zilipokuja slaidi za hadubini, yaani vipande vyembamba vya ini lenyewe, seli zimejaa matone ya mafuta! Tangu siku ile ukiniletea ALT bila slaidi siamini, hata uwe na majedwali kumi.

Halafu ekstrakti ya nini? Watu wanachemsha kwa maji, sie maabara tunaloweka kwenye ethanoli au methanoli, vinavyotoka humo si vilevile. Na dozi ya panya haihamii kwa mtu ilivyo, unagawa kwa 6.2 hivi, so hiyo 2000 kwa mtu mzima ni kama mg 320 kwa kilo.

Ila kinachoninyima raha hasa ni panya wenyewe. Wote vijana, wazima, karibu ndugu wa damu, hawanywi pombe, hawana hepatitisi B, hawachanganyi na paracetamol. Ekstrakti ya chai ya kijani inawaumiza ini watu wachache tu, na wengi wa hao wachache wamekutwa na jeni moja la kurithi linaitwa HLA-B*35:01, sasa hilo utalionea wapi kwenye panya 10 wa kundi moja? Kuna na mmea wa Teucrium chamaedrys, watu waliutumia enzi na enzi, ukaja kuuzwa kama kidonge cha kupunguza unene, Ufaransa wakaufungia 1992 baada ya watu kuugua ini. Kipimo cha panya kikaja kuthibitisha baadaye, watu washaumia.

Hiyo ripoti uliyonayo itupie hapa picha za slaidi, na za kundi lisilopewa dawa usisahau, nikuangalizie.