Gari la kulala tamashani: friji, feni na betri inayokufa Jumamosi asubuhi

Swali: Fundi, salaam aleikum. Mimi na mume wangu tuko Kisauni. Tulinunua Toyota HiAce ya dizeli iliyokuwa matatu, tukatoa viti vya nyuma, tukaweka kitanda cha mbao, kabati dogo na friji ya volti 12 ya lita 40. Mwaka jana tulikwenda nayo kwenye tamasha la muziki upande wa Kilifi, watu wanne. Ijumaa usiku mambo yalikuwa sawa. Jumamosi asubuhi gari likakataa kuwaka, tukalisukuma mchangani mpaka tukachoka, mwisho jirani akatupa moto kwa waya za jampa. Mwaka huu twataka kwenda tena, kuanzia Ijumaa saa kumi jioni hadi Jumapili saa sita mchana. Jamaa mmoja asema tununue betri kubwa zaidi ya gari na inveta ya wati 2,000, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, tuchemshe chai kwa birika la stima. Fundi mwingine asema tuunge betri ya pili moja kwa moja na ya kwanza, yaishe. Tumsikilize nani?
Msomaji, Kisauni

Jibu: Waalaikumu salaam, dada yangu. Kwa ushauri huo msimsikilize yeyote kati ya wawili hao. Wote wanaacha kosa la mwaka jana pale pale lilipokuwa: betri ya kuwashia gari ndiyo iliyokuwa ikilisha kambi. Betri hiyo isiguswe na friji, feni wala simu hata moja. Kazi yake ni kupasha moto hita plagi zinazosaidia dizeli kuwaka, kuzungusha stata, na kuwafikisha nyumbani Jumapili.

Tuangalie kilichotokea. HiAce nyingi za dizeli zinatembea na betri ya ampea-saa 70 au karibu na hapo (ampea-saa moja ni ampea moja ikivutwa kwa saa nzima). Friji kama yenu ina kompresa ya wati 45 hivi, yaani ikifanya kazi inavuta ampea karibu 4. Kwa joto la huku Pwani haipumziki sana, kwa hivyo wastani wake ni ampea 2 kila saa, mchana na usiku. Ongeza feni mbili za ampea moja moja, taa na simu nne. Kufikia alfajiri mlikuwa mmeshatumia ampea-saa 45 au zaidi. Betri ya asidi ikishapita nusu, volti zake zinashuka, na stata ya dizeli inataka mamia ya ampea kwa pigo moja. Taa za dashibodi zinawaka, redio inaimba, lakini ukigeuza ufunguo unasikia *tak*, basi.

Halafu kuna dhara lisiloonekana siku hiyo. Betri ya gari imeundwa kwa sahani nyembamba nyingi ili itoe nguvu kubwa kwa sekunde chache kisha ijazwe papo hapo. Ukiinyonya polepole mpaka chini mara kadhaa, sahani zinaharibika na haitarudi ilivyokuwa. Kama hamjabadilisha ile ya mwaka jana, ipelekeni ipimwe kabla ya safari, hata kama asubuhi inawasha vizuri.

Sasa huyo fundi wa kuunga betri ya pili moja kwa moja. Betri mbili zilizoungana muda wote ni betri moja kubwa. Zitashuka pamoja, na Jumapili badala ya betri moja iliyokufa mtakuwa nazo mbili. Ya pili ni sawa kuwapo, lakini katikati yake na ya gari pawe na kitu cha kuzitenganisha injini ikizimwa. Mkichagua betri ya pili ya asidi, ile ya sahani nene inayouzwa kwa kazi ya sola, rilei inayohisi volti, yaani swichi inayojiunga na kujiachia yenyewe, inatosha. Alterneta, ile jenereta inayozungushwa na injini, ikianza kuchaji na volti kupanda hadi 13.3 hivi, rilei inaunganisha. Injini ikizimwa na volti kushuka hadi 12.8, inaachia. Ni kifaa rahisi na bei yake si ya kutisha. Mkichagua betri ya lithiamu, rilei hiyo haifai. Lithiamu ina kiu, inavuta kutoka kwa alterneta kila inachopewa, na alterneta ya gari la zamani inaweza kuungua kwa kufanya kazi hiyo bila kupumzika. Hapo mnahitaji chaja ya kutoka betri hadi betri, inayopima mkondo na kuutoa kwa kiasi. Ya ampea 20 inawatosha. Kutoka Kisauni hadi Kilifi ni kilomita 50 na kitu, na kwa foleni ya Mtwapa tunayoijua sote mtakuwa barabarani saa moja na nusu hivi, kwa hivyo mtaingia langoni mkiwa mmeongeza karibu ampea-saa 30.

Ipi kati ya hizo mbili? Hesabu iamue. Kutoka Ijumaa saa kumi jioni hadi Jumapili saa sita mchana ni saa 44. Friji kwa ampea 2 ni 88. Feni mbili kwa saa nane za usiku, siku mbili, ni 32. Taa za LED zikitumiwa kwa adabu ni 8. Simu nne zikichajiwa kila siku ni kama 12. Jumla ni ampea-saa 140. Betri ya asidi ya 100 inakupa 50 tu kama unataka idumu. Lithiamu ya 100 inakupa 90. Paneli ya sola ya wati 100 iliyolala juu ya paa, kwa jua la Pwani, huleta ampea-saa 30 hivi kwa siku nzima. Tuseme 40 kwa safari yenu yote. 90 na 40 ni 130. Bado mmepungukiwa na 10.

Hapa watu wengi hukimbilia kununua betri ya pili ya lithiamu. Mimi nawaomba mwende kununua barafu. Nasema hivi kwa dhati: barafu ndiyo betri ya bei nafuu kuliko zote Mombasa. Friji haili umeme mwingi kwa sababu ya samaki na maziwa yaliyolala ndani. Inaula kwa sababu watu wanne wanaifungua kila dakika kumi kutafuta soda, na kila chupa ya maji ya moto inayotiwa inaanza upya kazi ya kompresa. Vinywaji vyote wekeni katika sanduku la plastiki la barafu, lile la kubebea samaki, likae nje kivulini. Friji ibaki ya chakula, ifunguliwe mara tatu kwa siku. Wastani wake utashuka hadi ampea 1.5, na kwa saa 44 hiyo ni 66 badala ya 88. Jumla yenu sasa ni 118. Ukitoa 40 za sola, betri imebakiwa na kazi ya 78, na lithiamu moja ya 100 inaibeba bila kulia. Friji yenyewe iwasheni nyumbani kwa stima tangu Alhamisi, itieni vyakula vilivyokwisha kuwa baridi, pamoja na chupa mbili za maji zilizogandishwa. Kazi kubwa ya kupoza itakuwa imelipwa na tokeni za nyumbani.

Kuna jambo jingine nisilotaka mlipuuze, nalo ni mahali pa kuegesha. Gari la bati lililofungwa juani linapanda joto kuliko hewa ya nje kwa mbali sana, na ndani ya tanuri hiyo kompresa haipumziki kabisa. Mnataka kivuli. Lakini mkiingia kivulini paneli ya paani nayo imekwenda likizo. Ndiyo maana sipendi kuwagongea watu paneli kwenye paa za magari ya aina hii. Nunueni ile ya kukunja au ya kubeba, muwe na waya mnene wa mita tano au sita, gari likae chini ya mwembe na paneli iwe juani, muigeuze kufuata jua kila mkirudi kula. Hata mkiifunga kwa kamba za viatu ni afadhali kuliko boliti moja ya paani inayovujisha maji ya mvua juu ya godoro. Na tafadhali, kivuli kisiwe cha mnazi. Nazi moja ikidondoka itavunja kioo au kichwa cha mtu, na kuti kavu nalo si jepesi.

Nije kwenye waya, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotea bila mtu kujua. Wengi huniletea lawama kwamba friji ni mbovu, inazima usiku ilhali betri ina moto. Mara nyingi friji ni nzima. Waya ni mwembamba. Mkiuvuta waya wa milimita za mraba 1.5 kutoka mbele hadi nyuma, mita tano kwenda na tano kurudi, kwa ampea 5 mnapoteza zaidi ya nusu volti njiani. Betri ikiwa na volti 12, friji inaona 11.4, na ule ulinzi wake wa ndani unaamini betri imekwisha. Tumieni waya wa 6, upotevu unashuka hadi kama volti 0.15. Ulinzi huo wa friji una ngazi. Mkiwa na betri ya pili uwekeni ngazi ya chini au ya kati, kwa sababu ile ya juu ni ya wanaotegemea betri ya gari.

Kila waya unaotoka kwenye betri uwe na fyuzi, karibu na betri yenyewe, isizidi shibiri moja. Waya unaounganisha betri mbili uwe na fyuzi pande zote mbili, maana moto unaweza kutoka upande wowote. Niliwahi kuletewa gari kama lenu, lililokuwa matatu. Waya ulipitishwa chini ya zulia, juu ya mabaki ya boliti za viti ambavyo vilikuwa vimetolewa. Gari likitikisika boliti ikawa inaukuna kidogo kidogo, mpaka siku ikagusa shaba. Fyuzi haikuwapo. Mwenyewe alikuwa ameketi nje, hapakuwa na mtu kitandani, ndiyo rehema. Godoro lilikuwa limeungua nusu. Tangu siku hiyo kila HiAce iliyokuwa na viti naipapasa sakafu yote kwa mkono kabla sijavuta waya, na boliti zote nazikata. Fanyeni hivyo. Waya upitisheni ndani ya bomba la plastiki, na pale unapopenya bati wekeni raba.

Chumvi ya bahari pia inakula viungo vyetu haraka. Waya wa ardhi, ule wa hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari, uufunge kwenye bati lililokwanguliwa rangi na kutu mpaka liking'ara, kisha upake grisi juu yake. Vichwa vya betri ya asidi vikiwa na unga mweupe au wa kijani, osheni kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi, vikaushwe, vipakwe grisi. Kama betri ya pili ni ya asidi na itakaa ndani mnamolala, iwe katika sanduku lenye bomba la kupumulia nje, kwa sababu inapochajiwa hutoa gesi inayowaka. Mkinunua, inueni kwa mikono yenu. Betri ya asidi ya 100 ya kweli inakaribia kilo 30. Ikiwa nyepesi kama mfuko wa unga wa kilo 10, lebo inasema uongo. Ya lithiamu ndiyo iliyo na haki ya kuwa nyepesi.

Na birika la stima? Wati 2,000 kutoka volti 12, ukihesabu na upotevu wa inveta, ni karibu ampea 195. Waya wa kubeba hizo ni mnene kama kidole, na betri nyingi za lithiamu za 100 zitajizima zenyewe kujilinda. Inveta hiyo wachaneni nayo. Simu zina chaja za volti 12, na chai ipikeni kwa mtungi wa gesi wa kilo 6, nje ya gari.

Nje, dada yangu, nasisitiza. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama sakafuni chini ya kitanda ikingoja cheche. Funga mtungi kabla ya kulala, na usimame wima kila wakati. Jiko la makaa lisiingie garini hata likiwa limefifia na mvua inanyesha: moshi wake usioonekana wala kunuka unaua watu wakiwa usingizini, na gari ni dogo kuliko chumba chochote. Vivyo hivyo msilale na injini ikinguruma ili mpate baridi ya AC. Fungueni madirisha mawili, moja kila upande, funikeni kwa chandarua, feni moja ivute na nyingine isukume. Usiku wa Kilifi una upepo wa bahari, mtalala.

Kwa vile mmebadilisha gari la abiria kuwa la kulala, hakikisheni kitabu cha gari kimesahihishwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na kampuni ya bima imejulishwa. Mkipata ajali barabara ya Malindi na karatasi zikisema bado ni matatu, mtateseka.

Mkimaliza kufunga kila kitu, laleni ndani yake hapo hapo Kisauni usiku mmoja wa wiki kabla ya safari. Friji iwake, feni zizunguke, simu zichajiwe, sola msiiguse. Kama betri ya pili ni ya asidi, asubuhi zimeni kila kitu, subirini nusu saa, pimeni: 12.4 ni salama, 12.2 ni nusu, chini ya hapo kuna hesabu mliyokosea. Kama ni lithiamu, volti zitawadanganya kwa sababu hazishuki mpaka mwisho, basi nunueni kile kipimo kinachohesabu ampea-saa zinazotoka, msome zimeondoka ngapi. Mkiona zimepita 45, niandikieni tena na mniambie friji mmeiweka wapi.