Mbayuwayu waliotua shuleni siku ya mvua: wanaumwa?

SWALI: Ninafundisha sayansi shule ya msingi huku Hombolo, Dodoma. Mwishoni mwa Machi yalinyesha manyunyu siku mbili mfululizo, na upepo wa baridi juu yake. Asubuhi ya siku ya pili tulikuta mbayuwayu mamia wamejipanga kwenye nyaya za umeme na wengine wako chini uwanjani, wanyonge, unawakaribia hadi hatua tatu hawaruki. Wanafunzi waliokota wanne wakawapa wali na maji. Wawili wakafa. Je, ni ugonjwa? Na nitajuaje kama ni wa hapa au ni wale wanaorudi Ulaya?

JIBU: Pole, Mwalimu, na wape pole wanafunzi, walifanya kwa huruma. Kwa ulivyoeleza, naona njaa na baridi kuliko ugonjwa.

Mbayuwayu chakula chake ni wadudu, na huwakamata wakiwa angani. Manyunyu yakishinda kutwa na hewa ikapoa, nzi, mbu na kumbikumbi hawaruki, basi hakuna cha kula. Naye ana uzito wa gramu 20 hivi, sawa na vijiko vidogo vitano vya sukari, kwa hiyo akiba yake haifiki mbali. Tena Machi na Aprili ndio miezi wale wa Ulaya na Asia wanaporudi kaskazini, na inabidi wanenepe kabla ya kuvuka Sahara. Akikosa chakula anatulia, anatutumua manyoya, anabanana na wenzake wapate joto. Ule unyonge mliouona ni kubana matumizi. Kila mtoto anayemfukuza anamlazimisha kuruka kwa akiba ambayo hana. Jua likitoka saa tatu au saa nne wadudu wanaanza kuruka, na wengi wao wanaondoka wenyewe.

Wali haumsaidii, tumbo lake ni la wadudu. Maji ndiyo yanayonitia hofu zaidi. Ukimfungua ndege mdomo utaona tundu dogo nyuma tu ya ulimi: hiyo ndiyo njia ya hewa. Ukimimina maji mdomoni, ni rahisi yakaingia humo. Siku nyingine mkiokota aliyelowa, mwekeni kwenye boksi la viatu lenye matundu na kitambaa kikavu, lifunikwe, liwekwe mahali pa kimya, asilishwe kitu. Mvua ikikatika na jua likitoka, mfungulieni uwanjani. Na mikono ioshwe kwa sabuni kila mara.

Ila yapo mambo mawili yangenifanya nibadili jibu. La kwanza ni sumu. Huku kwetu kwenye mtama na uwele, kweleakwelea hunyunyiziwa fenthioni, na dawa hiyo haichagui ndege. Mwenye sumu hatulii kama wenu: anatetemeka, anapepesuka, anashindwa kusimama, pengine mate yanamtoka, na utakuta mizoga ya aina nyingi karibu na palipopuliziwa. La pili ni vifo vinavyoendelea hata baada ya jua kutoka siku kadhaa, hasa kama kuku na bata wa kijijini nao wanakufa. Hapo usiguse mzoga, mwite ofisa mifugo siku hiyo hiyo.

Sasa kuwatambua. Mbayuwayu wa Ulaya ana paji la uso na koo lenye wekundu wa tofali, chini ya koo kuna mkanda mpana wa buluu iliyoiva karibu na weusi, kisha tumbo jeupe au la maziwa. Katika wenyeji, wawili ndio huwachanganya watu. Mmoja utosi wake wote ni mwekundu na koo ni jeupe kabisa, mkia una nyuzi mbili nyembamba kama waya. Huyu hupenda madaraja na kingo za maji, kwa hiyo hapo kwenu, kwenye Bwawa la Hombolo, hakosi. Mwingine ana michirizi myeusi kifuani hadi tumboni, na kichwa na kiuno vyekundu. Na kuna kipimo ambacho hata mtoto wa darasa la pili anakiweza: mbayuwayu wa Ulaya hajengi kiota kwetu. Ukimwona mmoja amebeba tope kwenda kwenye paa la darasa, huyo ni mwenyeji.

Kama darasa lako litapenda kuwahesabu, chagueni nyaya za kati ya nguzo mbili, zile zile kila siku, saa moja na nusu asubuhi. Hesabuni kumi, mwone kumi wanachukua urefu gani wa waya, kisha mpime kwa macho hadi nguzo ya pili. Andikeni na hali ya hewa, hata siku ambayo hakuna ndege hata mmoja. Sifuri nayo ni takwimu. Endeleeni mpaka katikati ya Mei, mtaona wanavyopungua.

Jambo la mwisho ni miguu. Mei 1911 mwanasheria mmoja wa Staffordshire, Uingereza, alimvika pete mguuni mbayuwayu aliyekuwa na kiota barazani kwake. Desemba 1912 ndege huyo alipatikana Natal, Afrika Kusini, na ndipo watu wakawa na uthibitisho wa wapi mbayuwayu wa Uingereza huenda wakati wa baridi ya kwao. Mpaka leo wanavikwa pete nyepesi za chuma zenye namba na anwani. Wale wawili kama mliwafukia na pahali panajulikana, vaa glavu, uwafukue, uwatazame miguu. Ukikuta pete, ipige picha pande zote na unakili kila herufi kabla hujawarudisha ardhini.