Fomu ya mtandaoni haimwondoi karani mlangoni

Ndugu, umeuliza iwapo sensa ijayo ikiruhusu kaya kujaza dodoso kwa intaneti, sisi wa Kigoma tutahesabiwa mara mbili au tutaachwa. Hofu ya kwanza ina dawa. Kila kaya hupewa namba yake ya siri iliyounganishwa na orodha ya makazi, na fomu ikishapokelewa kaya hiyo hutolewa kwenye orodha ya karani, ambaye hubaki na milango ya wasiojibu, ili nao wasiachwe. Ndivyo ilivyofanyika England na Wales mwaka 2021, ambako takriban asilimia 89 ya kaya zilizojibu zilitumia mtandao.

Kwetu ugumu uko kwingine. Sensa ya 2022 ilitumia vishikwambi, lakini vilishikwa na makarani, nao ndio waliouliza nani amelala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Mchukulie mvuvi wa dagaa aliye kambini Uvinza: mkewe Ujiji anamjaza kwenye fomu kwa kuwa mume ndiye mkuu wa kaya, huku karani wa kambini naye anamwandika, na namba ya siri ya kaya haiwezi kugundua hilo. Kwa hiyo fomu yenyewe lazima iulize kila mtu alilala wapi, tena kabla ya jina kupokelewa.

Kuhusu mtambo kuzidiwa (Australia walifunga tovuti yao usiku wa sensa, Agosti 2016), inatosha kuacha fomu wazi siku kadhaa baada ya usiku wa sensa, na makarani wabaki na madodoso ya karatasi.