Jibu: Betri chakavu za lithiamu, tuanze kuchenjua hapa Dar?

Salamu mkuu. Una tani mbili za betri za laptopu na za sola, mnunuzi wa chuma chakavu hazitaki, na unauliza kama mnunue tindikali mtoe kobalti wenyewe. Msinunue kwanza.

Anza kwa kusoma maandishi ubavuni mwa seli, yaani kila betri ndogo moja moja iliyo ndani ya betri kubwa. Ikiandikwa volti 3.6 au 3.7, kwa kawaida ina kobalti, mara nyingi na nikeli. Ikiandikwa 3.2, hiyo ni ya chuma na fosfeti, na nyingi za sola ziko hivyo: kobalti hamna hata chembe. Mimi nilizichanganya, mzigo mzima ukashushwa bei.

Pili, moto. Ziba ncha za kila seli kwa utepe wa umeme, kisha panga kwenye pipa lenye mchanga mkavu. Pipa letu moja lilishika moto usiku kwa sababu ya seli mbili tu zilizogusana, na moshi wake una floridi inayochoma mapafu. Seli zilizovimba zikae mbali, nje.

Kusaga seli hadi kupata unga mweusi, ule wenye kobalti, kunawezekana hapa, ila kunataka mashine iliyofungwa isiyoingiza hewa. Tindikali ije baadaye, maana maji machafu yake ndiyo gharama kubwa.

Kibali cha taka hatarishi anzia NEMC, taasisi ya taifa ya kusimamia mazingira. Mkitaka kuuza nje, Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa kusafirisha taka hatarishi, unadai nchi inayopokea ikubali kwanza kwa maandishi.

Weka picha za lebo hapa, nitakusaidia kuzichambua.