Maswali na majibu: hewa ya 5, ya 9 na ya 35

Programu ya simu inaniambia hewa ya Tabata leo ni ya njano, yaani ya wastani. Lakini jirani anachoma taka kila jioni na watoto wanakohoa. Niamini simu au kifua cha mwanangu? (Mama wa wawili, Dar es Salaam)

Amini kifua, mama. Programu nyingi zinatumia rangi zilizopangwa Marekani. Njano inaanzia mikrogramu 9.1 hadi 35.4 za chembe laini, zile ziitwazo PM2.5, katika mita moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 24. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka wastani huo usizidi 15. Kwa hiyo hewa inaweza kuwa na uchafu mara mbili ya kikomo cha WHO na simu yako ikabaki njano vilevile.

Halafu kuna huo wastani wenyewe. Tuseme moshi wa jirani unapandisha chembe hadi 200 kwa saa mbili, na saa 22 zilizobaki hewa iko 10. Piga hesabu: wastani wa siku unakuja kama 26. Njano! Zile saa mbili za watoto kukohoa zimemezwa na usiku mtulivu. Tena kifaa kilichopima huenda kiko kilomita kadhaa kutoka kwako, hakina habari na moshi wa uani kwenu.

Funga madirisha ya upande huo anapochoma. Andika siku na saa, kisha nenda serikali ya mtaa na kwa bwana afya wa kata. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Usiende kama mtu anayeomba fadhila.

Kwa wastani wa mwaka, WHO wanasema chembe laini zisizidi mikrogramu 5, Marekani 9, na kanuni za Kenya za 2014 ziliandika 35. Kwani mapafu yetu ni ya chuma? (Msomaji, Nairobi)

Mapafu ni yaleyale, ndugu. WHO ilipotoa mwongozo wake Septemba 2021 iliangalia afya peke yake. Serikali nyingi zinapoandika kiwango huangalia pia gharama na uwezo wa kukitekeleza. Marekani ilishuka kutoka 12 hadi 9 mwaka 2024. Umoja wa Ulaya, uliokuwa kwenye 25, umejifunga kufika 10 ifikapo 2030. WHO yenyewe imepanga hatua za kufuata: 35, 25, 15, 10, ndipo 5. Hiyo 35 ni hatua ya kwanza kabisa.

Kuanzia hapo si aibu. Kinachoniudhi ni kuanza bila kutaja tarehe ya hatua inayofuata, na bila vifaa vya kupima. Kikomo kisichopimwa hakuna anayeweza kushtakiwa kwa kukivunja. Ndiyo maana nawasifu sana watu wa Chuo Kikuu cha Makerere: mradi wao wa AirQo, ulioanza 2015, unaunda vifaa vya bei nafuu vinavyofungwa kwenye majengo, kwenye nguzo, hata kwenye bodaboda. Mtaa wenye namba zake mkononi unaweza kumbana diwani.

Nimehamia Bakersfield, California. Naambiwa eneo letu "halijafikia kiwango". Maana yake nini, na nikimbie asubuhi au jioni? (Kaka wa Tanga, ughaibuni)

Chini ya Sheria ya Hewa Safi ya 1970, Marekani inasimamia vichafuzi sita vya kawaida: chembe, ozoni, naitrojeni dayoksaidi, salfa dayoksaidi, kaboni monoksaidi na risasi (ile metali nzito, si ya bunduki). Kila eneo hupimwa kwa kila kimoja peke yake, kwa hiyo mji unaweza kufaulu kwenye salfa na kuanguka kwenye ozoni. Eneo likianguka, jimbo linalazimika kuandika mpango wenye tarehe. Kiwanda kikubwa kipya lazima kwanza kihakikishe uchafu umepunguzwa kwingine, na jimbo likizembea, fedha za barabara kutoka serikali kuu zinaweza kuzuiwa. Hapo ndipo kiwango kinapata meno.

Bonde lenu la San Joaquin limezungukwa na milima pande tatu. Moshi wa malori, mashamba na visima vya mafuta hukosa pa kutokea. Ozoni, gesi inayoumiza mapafu, haitoki kwenye bomba la gari ikiwa tayari. Jua huitengeneza kutokana na gesi za magari na viwanda, kwa hiyo kiangazi huwa mbaya zaidi mchana hadi jioni. Kimbia asubuhi. Majira ya baridi adui ni chembe: angalia tangazo la siku kabla hujatoka, na siku za marufuku usiwashe kuni.

Petroli ya risasi iliisha. Kwa nini risasi bado iko kwenye orodha? (Msomaji, Likoni)

Iliondolewa kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, na Algeria ikamalizia Julai 2021. Ila betri kuukuu bado zinayeyushwa ili kutoa risasi iliyomo. Hapo hapo Mombasa, wakazi wa Owino Uhuru walitiwa sumu na kiwanda cha namna hiyo. Phyllis Omido, ambaye mwanawe aliugua, akasimama nao. Mwaka 2020 mahakama iliwapa shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikaifuta tuzo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Kwa mtoto hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Ukiona betri zinavunjwa mtaani kwenu, piga kelele.

Huku Njombe baridi ni kali. Je, nikivaa barakoa naweza kulala na jiko la mkaa chumbani? (Mama, Njombe)

Hapana, mama, hata kwa nusu saa. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na hakuna barakoa ya dukani inayoizuia. Kichwa kikiuma, ukasikia kizunguzungu au kichefuchefu karibu na jiko, watoe watoto nje kwanza, kisha muwahi zahanati. Jiko lilale nje, hata likionekana limezimika.