Jivu la pumba za mpunga kwenye zege: rangi kwanza, mizani baadaye

Kyela, Mbarali, Ifakara, Kahama: penye mashine ya kukoboa mpunga hapakosi mlima wa pumba. Kilo 100 za pumba zikiungua huacha takribani kilo 20 za jivu, na sehemu kubwa ya jivu hilo ni silika, madini yaleyale yaliyomo kwenye mchanga. Saruji ikikutana na maji hutoa chokaa. Silika huikamata chokaa hiyo ikawa gundi ya ziada. Vitundu vya zege vinazibika, na chumvi ya pwani inachelewa kuzifikia nondo.

Hayo yote yanategemea moto. Unaofaa ni wa nyuzi joto 500 hadi 700 za Selsiasi hivi. Ukizidi sana, silika inageuka fuwele na haifanyi kazi tena. Chota jivu kiganjani. La kijivu kilichopauka ndilo lako. Jeusi lina mkaa, litafyonza maji pamoja na dawa ya kulainisha zege. Lenye wekundu wa waridi limeungua kupita kiasi. Lundo la kwenye tanuri la matofali mara nyingi lina yote matatu, kwa hiyo ni bahati nasibu.

Lisagwe kwa kinu cha mipira ya chuma mpaka lisikwaruze vidoleni. Mashine ya unga ya mtaani usiiguse: jivu linakula sehemu zake za kusagia, na watu watakula ugali wenye mchanga. Barakoa ni lazima.

Sasa soma mfuko wa saruji. Ukiandikwa CEM II/B-P au CEM IV, kiwanda kimeshatia pozolana, yaani unga wenye silika unaofanya kazi kama jivu hili. Usiongeze yako juu yake. Tafuta CEM I, saruji isiyotiwa pozolana.

Pima kwa mizani, si kwa ndoo, maana jivu ni jepesi mno. Mfuko wa kilo 50 utiwe kilo 5.5 za jivu, yaani asilimia 10 ya mchanganyiko wa saruji na jivu. Changanya vikavu kwanza. Maji yasizidi lita 28, ukihesabu na yaliyomo mchangani. Zege litakuwa zito, na fundi atanyoosha mkono kwenye ndoo: "Tuongeze kidogo tu, bosi." Mzuie. Ongeza dawa ya kulainisha, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chombo chake.

Mwagilia siku 14, si 7, na ufunike kwa magunia yaliyolowa. Zege hili linaweza kuchelewa kukomaa siku za mwanzo, kwa hiyo miti iliyoegemeza slabu isitolewe kwa mazoea. Mwaga vipande vya majaribio vya sentimita 15, vyenye jivu na visivyo na jivu, vipasuliwe maabara siku ya 7, ya 28 na ya 56.