Nina hisa ya mbuzi, maziwa nisichemshe?

SWALI: Shikamoo Mama Zawadi. Naishi Bugembe, Jinja. Jirani yetu ana mbuzi watatu wa maziwa, na ameanzisha kikundi cha watu kumi. Kila mtu analipa shilingi 150,000 kuwa na hisa katika mbuzi hao, halafu 20,000 kila mwezi za malisho, na anachukua lita 3 kwa wiki. Anatuambia tuyanywe mabichi kwa sababu moto unaua dawa iliyomo, na kwamba yatamponya mwanangu wa miaka minne mwenye pumu. Mimi mwenyewe nina mimba ya miezi minne. Nijiunge?
Mama Shamim

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kujiunga unaweza, lakini maziwa hayo uyachemshe, na wewe mwenye mimba usionje mabichi hata kijiko.

Nasema hivi kwa sababu yalinipata. Nilikunywa maziwa ya mbuzi wa mjomba wangu, Nakasongola, moja kwa moja kutoka kwenye kibuyu. Baadaye homa ikawa inanijia kila jioni, usiku jasho linalowesha shuka, kiuno na magoti vinauma kama nimelima ekari nzima. Kliniki moja ilinitibu malaria mara tatu. Damu ilipopimwa vizuri ikaonekana ni brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, nikameza vidonge wiki sita. Kwa mjamzito ugonjwa huo unaweza kutoa mimba.

Na mbuzi wa mjomba walikuwa wanono, manyoya yanang'aa. Ndivyo ilivyokuwa hata kule kisiwa cha Malta, ambako askari wa Uingereza waliugua homa hiyo miaka mingi. Daktari wa jeshi lao, David Bruce, alikigundua kijidudu chake mwaka 1887 (ndiye yule aliyekuja Entebbe mwaka 1903 kuchunguza ugonjwa wa malale), lakini ni mwaka 1905 tu ndipo daktari wa kisiwani, Themistocles Zammit, alipokikuta kwa mbuzi wazima kabisa kwa macho. Askari walipokatazwa maziwa ya mbuzi, homa ikapungua sana.

Kwa hiyo kuwa na hisa hakukukingi. Mbuzi wako anaambukiza sawasawa na wa mtu mwingine. Weka sufuria motoni, koroga, yakipanda na kuchemka epua. Protini na madini ya mifupa ya mtoto hubaki. Kuhusu pumu, maziwa hayaiponyi, yawe mabichi au yaliyochemshwa. Dawa yake ya kuvuta asiache. Tena kama maziwa ya ng'ombe humdhuru, ya mbuzi huenda yakamdhuru vilevile, kwa sababu protini zake zinafanana.

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapo nina wasiwasi pia. Watu kumi kwa lita 3 ni lita 30 kwa wiki. Mbuzi watatu wanatakiwa kutoa karibu lita moja na nusu kila siku kila mmoja, bila kuhesabu wanachonyonya watoto wao. Mbuzi wa maziwa wa aina ya Saanen au Toggenburg aliyelishwa vizuri anaweza. Mbuzi wetu wa Mubende hawezi. Huyo ni wa nyama na ngozi. Nenda alfajiri, simama zizini wakati wa kukama, uone kipimo kwa macho yako. Angalia pia kama kiwele kinaoshwa na maziwa yanaingia kwenye chombo cha chuma, si jerikeni la mafuta ya kupikia.

Halafu dai karatasi. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano, na miwili ya mwisho huachwa kukamwa: je, miezi hiyo mtaendelea kulipa 20,000? Akizaa mapacha, watoto ni wa nani? Akifa, hisa yako inakwenda wapi? Nimeona majirani wawili wakiacha kusalimiana kwa ajili ya beberu mmoja ambaye hakuandikwa popote.

Na kabla ya yote muulize jirani kama kuna mbuzi wake aliyetupa mimba mwaka huu. Akisema yupo, usitoe hata shilingi mpaka daktari wa mifugo awapime wote watatu damu.